Maswali ya Wasomaji: Yule Dada Anayejibu Saa Nane za Usiku

Tangu toleo lililopita tumepokea barua nyingi kuhusu roboti za mazungumzo, yaani programu ambazo makampuni ya simu, benki na wauzaji wamezikabidhi kazi ya kuwajibu wateja, na ambazo siku hizi hujibu kwa jina, kwa picha na kwa upole kama mtu. Tumechagua barua nne. Majina ya makampuni yaliyolalamikiwa tumeyaondoa, na waandishi tumewataja kwa mitaa yao tu.

Swali

Ndugu Mhariri, jambo sana. Mimi ni mama mwenye kuuza unga wa mahindi kwenye soko la Kenya, yaani mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, siyo ile nchi. Mwezi uliopita nilituma dola 140 kwa simu kwa mtu anayeniletea mzigo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikakosea tarakimu moja, na feza ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Niliandikia huduma ya wateja kwa WhatsApp. Akanijibu dada mmoja mwenye jina zuri la Kikristo na picha ya msichana anayetabasamu, amefunga kitambaa shingoni. Aliniita Mama, akasema anaelewa uchungu wangu. Nilimweleza yote, hata kwamba zile zilikuwa feza za likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu, na wenzangu wananingojea. Siku ya pili nilimwombea baraka kwa Mungu. Mtoto wangu ndiye aliyenicheka: "Mama, ile ni mashine." Nikaijaribu saa nane za usiku, ikajibu kabla sijaiweka simu chini. Nimeona haya sana. Je, mimi ni mjinga? Na kwa nini wanaivalisha mashine sura ya mtoto wa mtu?

*Mama wa soko la Kenya*

Jibu

Mama, jambo sana, na pole kwa hasara iliyokupata. Nianze na feza, kwa sababu haya inaweza kungoja lakini feza haingoji. Kwa kawaida kampuni ya simu inaweza kuzuia kiasi kilichotumwa kimakosa ikiwa aliyekipokea bado hajakitoa wala kukitumia. Akishakitoa, hakuna linalobaki ila kumbembeleza au kumshtaki. Kwa hiyo siku mbili ulizozungumza na yule "dada" ndizo zilizokuwa na thamani kuliko siku nyingine zote, na hapo ndipo lilipo kosa kubwa la mpango ule: mashine iliyokuwa na maneno yote ya kukufariji haikuwa na uwezo wa kugusa akaunti ya mtu yeyote, na haikukuambia hivyo.

Kuhusu ujinga, nikusimulie kisa cha mwanamke mwingine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliutangazia ulimwengu programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na picha wala sauti, na kazi yake ilikuwa ndogo sana: ilichukua sentensi ya mtu, ikaigeuza kidogo, ikamrudishia kama swali, mfano wa daktari wa nafsi ambaye kila ukimweleza shida anakuuliza kwa nini unaiona kuwa shida. Katibu wake Weizenbaum alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi, akijua kabisa kwamba ndani yake hamna mtu. Hata hivyo, alipoketi kuijaribu, baada ya kuandikiana nayo maneno machache tu alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na baadaye akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa kazi ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuianzisha. Ikiwa mtu wa ndani ya maabara alinaswa na programu duni kiasi kile, na tena hakufichwa chochote, sioni jinsi mama aliyeonyeshwa picha na kuitwa Mama atakavyolaumiwa.

Watafiti waliokuja nyuma yake waliona jambo hilohilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990, Clifford Nass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu kazi ya kufanya na kompyuta, kisha wakawauliza kompyuta ile iliwasaidia vizuri kiasi gani. Walioulizwa na kompyuta ileile iliyowasaidia waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na kompyuta nyingine au kwa karatasi, kana kwamba waliogopa kuiumiza moyo, na walipoulizwa kama mtu anaweza kuionea kompyuta aibu ya namna hiyo, walikana. Nadhani wewe hukuamini kwa kweli kwamba umempata binti wa kazi. Ni lugha iliyokuvuta. Anayezungumza nasi kwa adabu tunamjibu kwa adabu hata kabla akili haijauliza ni nani.

Na hapa kwetu kuna jambo moja zaidi, ambalo wale wa Stanford hawakuwa na sababu ya kulichunguza. Mtu akikuita Mama mjini Lubumbashi, hajakupa heshima tu: amejiweka mahali pa mtoto wako, na mtoto ana wajibu. Mchukuzi anayekuita Mama hawezi kuutupa mzigo wako njiani. Wakala wa feza za simu, yule wa chini ya mwavuli, anayekuita Mama atakuangalizia namba mara mbili kabla hajabonyeza. Roboti ililitumia jina hilo pasipo wajibu unaolifuata. Ningekuwa mimi, haya ningewaachia walioiandikia maneno yale.

Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu inaleta faida, walau kwa siku ya kwanza. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kampuni moja ya huduma za fedha, ambapo wateja zaidi ya 6,200 walipigiwa simu za kuwauzia huduma, wengine na wafanyakazi na wengine na roboti. Roboti ambayo haikujitambulisha iliuza sawa na wafanyakazi hodari, na iliwapita mara nne wale wageni wa kazi. Lakini mteja alipoambiwa mwanzoni kabisa kwamba anaongea na mashine, mauzo yalishuka kwa karibu asilimia 80. Mfanyabiashara akisoma takwimu hizo, mara moja anatafuta picha ya msichana mwenye kitambaa.

Asichokisoma ni utafiti wa pili, uliotolewa mwaka 2022 na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao. Hao waliwaangalia wateja waliokuja tayari wamekasirika, na kwa watu wa namna hiyo roboti yenye sura na jina la mtu ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi kuliko roboti kavu: waliridhika kidogo, wakaidharau kampuni yenyewe, wakapunguza nia ya kununua tena. Sababu ni kwamba sura ya mtu inaahidi uwezo wa mtu. Mashine isiyo na uso ikishindwa, unasema mashine imeshindwa. Yenye uso ikishindwa, unahisi umedharauliwa. Sasa fikiri, Mama: ni nani anayeiandikia huduma ya wateja akiwa amefurahi? Anayeuza kwa simu anamfuata mtu aliyetulia nyumbani kwake, lakini mlango wa malalamiko hubishwa na waliopoteza feza, waliokatiwa laini, walionunua mega za intaneti zikayeyuka usiku. Kuuweka uso wa bandia kwenye mlango huo ni kuuweka mahali pabaya kuliko pote.

Swali

Papa Mhariri, mimi ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, naishi Katuba. Kila ninapoiandikia roboti ya benki "bonjour", inanirudisha mwanzo na kunipangia upya namba 1 hadi 7. Je, ni lazima niiamkie? Na ikinisaidia, niiambie asante?

*Mzee wa Katuba*

Jibu

Mzee wangu, usiiamkie. Nasikitika kukuandikia hivyo, maana tumefundishwa kwamba anayeanza na shida kabla ya salamu amekosa malezi, lakini roboti nyingi za namna hiyo zimewekewa neno "bonjour" kama kitufe cha kufungua orodha, na kila ukilirudia unaifunga shughuli uliyokuwa katikati yake. Andika shida yako moja kwa moja, kwa sentensi fupi, jambo moja kwa ujumbe mmoja. Asante nayo haidhuru, ila kuna baadhi ya roboti zinazoichukulia kuwa ishara kwamba umeridhika, zikaifunga faili yako na kukuomba uwape nyota. Basi itunze asante mpaka feza iwe imeingia. Mimi mwenyewe huwa naiandika, kisha najicheka.

Swali

Bwana Mhariri, nimemaliza masomo ya informatiki mwaka huu na nimepata kazi kwenye duka linalouza paneli za sola na betri hapa Kampemba. Bosi wangu anataka niitengenezee duka roboti ya WhatsApp. Anataka iitwe kwa jina la binti yake, iwe na picha, ichelewe kidogo kujibu na kuonyesha kwamba "anaandika", ili wateja wadhani ni mtu. Nina shaka, lakini sina hoja za kumpa. Pia sijui iongee lugha gani.

*Kijana wa Kampemba*

Jibu

Ndugu yangu, bosi wako anawajua watu, na ni vema umkubalie hilo kabla ya kumpinga, kwa sababu hata suala la kuchelewa kidogo limechunguzwa: watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2018 kwamba roboti inayongoja kidogo kulingana na ugumu wa jibu lake huwaridhisha watu kuliko inayojibu papo hapo. Kasi ya kupita kiasi inamfanya mtu ahisi kwamba maneno yake hayakusomwa. Kwa hiyo mwendo wa kibinadamu, sentensi nzuri na adabu si makosa hata kidogo. Kosa linaanza kwenye yale maneno yake ya mwisho, "wadhani ni mtu".

Mpe hoja tatu. Ya kwanza ni ya sheria. Jimbo la California huko Marekani lilipiga marufuku tangu Julai 2019 kumficha mtu kwamba anaongea na roboti kwa nia ya kumdanganya ili anunue, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya akili bandia inayotaka mtu aambiwe anapozungumza na mashine, isipokuwa pale ambapo jambo lenyewe liko wazi. Sheria hizo hazifiki Kampemba, najua. Ila sisi pia tunayo sheria ya mambo ya kidijitali, ile Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari binafsi za mtu; na mteja anayedhani anaongea na binti wa duka atamwachia habari ambazo asingeiachia mashine, kama vile nyumba yake ilipo na saa ambazo hamna mtu wa kulinda betri.

Hoja ya pili ataielewa haraka zaidi, kwa kuwa ni ya fedha. Mwezi Novemba 2022 msafiri mmoja wa Kanada aliyefiwa na bibi yake aliiuliza roboti ya Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa, ikamwambia kwamba anaweza kununua tiketi kwa bei ya kawaida na kuomba punguzo baadaye, jambo ambalo halikuwa kweli. Kampuni ilipokataa kumlipa, alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia. Kampuni ikajitetea, miongoni mwa mengine, kwamba roboti ni kama nafsi nyingine ya kisheria inayopaswa kujibu kwa matendo yake yenyewe. Mwezi Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo na kuiamuru kampuni ilipe takriban dola 812 za Kanada, gharama na riba zikiwemo. Bosi wako akiipa roboti jina la binti yake, ikamwahidi mteja dhamana ya miaka mitano kwenye betri ya mwaka mmoja, mteja atakuja dukani kudai alichoahidiwa na binti wa mwenye duka, na sijui atamjibu nini.

Ya tatu nimeigusa kwa yule Mama wa soko la Kenya: anayeandika kwa sababu plaque yake, yaani paneli ya sola, haitoi moto tena hana subira na mchezo wa kuigiza. Basi ipe roboti jina ukitaka, liwe la duka; picha iwe ya duka au ya jua lenyewe; na ujumbe wa kwanza useme wazi: "Mimi ni roboti ya duka. Naweza kukupa bei, kupokea oda na kukuelekeza njia. Shida ya kifaa naipeleka kwa fundi." Sentensi hizo hazitamfukuza mtu. Watu hawachukii roboti inayojua mipaka yake; wanachukia kuzungushwa.

Sasa lugha, ambayo naona ndiyo kazi yako ngumu kuliko zote. Programu hizi mpya zimejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo humo ni ya Tanzania na Kenya ile nyingine. Kiswahili cha Lubumbashi kimeandikwa kidogo. Mteja wako hataandika "haijafika", ataandika "haiyafika". Hataandika kwamba kifaa kimeharibika. Ataandika "plaque iko panne", na katikati ataingiza Kifaransa bila kupiga hodi. Roboti ya zamani inayotafuta maneno fulani tu haitamwelewa kabisa, na ile mpya inaweza kumwelewa nusu, kisha ikamjibu kwa kujiamini kuhusu jambo ambalo hakuliuliza, na hilo ni baya zaidi. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, omba ruhusa usome jumbe ambazo wateja wameliandikia duka kwa miezi mitatu iliyopita, uondoe majina na namba za simu, kisha uitumie orodha hiyo kuifundisha na kuipima.

Lakini kuelewa si kuiga. Roboti iyaelewe maneno yetu ya mtaani, na yenyewe ijibu kwa Kiswahili chepesi na safi, au kwa Kifaransa kwa aliyeanza na Kifaransa. Nimewahi kuandikiwa na roboti moja iliyojifanya kijana wa Kamalondo, ikichanganya misemo ya mtaa mahali pasipofaa, nikajisikia kama mzee anayechezewa na watoto barabarani. Na usisahau ujumbe wa sauti. Wateja wengi watakutumia sauti badala ya maandishi, wengine kwa kuwa mikono ina kazi, wengine kwa kuwa kuandika kunawachosha. Kama roboti haiwezi kuusikiliza, ujumbe huo uende kwa mtu papo hapo, siyo urudishiwe sentensi kwamba ombi halikueleweka.

Swali

Yaya Mhariri, mimi sina maswali marefu. Akaunti yangu imefungwa wiki mbili, na roboti inanizungusha kwenye majibu yaleyale. Nataka mtu. Nifanyeje?

*Dada wa Ruashi*

Jibu

Dada, hujakosa kumtaka mtu, na hata makampuni makubwa yameanza kulikubali hilo. Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, ilijisifu mwaka 2024 kwamba roboti yake ilifanya kazi ya wafanyakazi 700; mwaka uliofuata mkuu wake alikiri kwamba ubora wa huduma ulikuwa umeshuka, wakarudi kuajiri watu wa kuzungumza na wateja.

Kwanza, acha kuieleza roboti hadithi yote, kwa sababu kila sentensi ndefu inaipa neno jipya la kushika na kukurudisha kwenye orodha. Andika neno moja peke yake: "agent", na ikishindikana, "conseiller". Rudia mara mbili au tatu bila kuongeza kitu. Ikikupa namba ya faili, ipige picha skrini yako, tarehe na saa zionekane, maana utakayemkuta mbele atakuambia kwamba hukuwahi kuandika.

Wakati wote huo usiipe roboti namba yako ya siri, hata ikikuomba kwa upole gani na hata ikikuita nani. Huduma ya kweli haihitaji namba hiyo, na matapeli nao siku hizi wana roboti zenye adabu.

Usipopata mtu ndani ya siku mbili, nenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, siyo kwa wakala wa mwavuli, ukiwa na kadi yako ya mpiga kura, simu yenye laini inayohusika, na zile picha za skrini. Nenda asubuhi. Omba uandikiwe risiti ya malalamiko yenye mhuri na jina la aliyeyapokea. Wasipojibu, peleka nakala ya risiti hiyo kwa ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia makampuni ya simu, ikiwa shida ni ya laini, au kwa Benki Kuu ya Kongo ikiwa ni ya feza za simu, na utuandikie tena jina la mtu aliyekupokea, ili nasi tujue kwamba yupo.